Kilima Chetu Kiliota Kangaga

Asubuhi ng'ombe wangu alipokojoa damu, baba mdogo hakuhitaji hata kunawa uso ili ampate mwenye kosa. Alisimama mlangoni mwa zizi, akaangalia wekundu ule kwenye majani ya kulalia, akanyoosha kidole upande wa chini, kwenye nyumba ya mama mkubwa.

Mimi sikuwepo. Nilikuwa Kasha, mjini, nyumbani kwangu, namwogesha mtoto kwenye beseni, simu nimeibana kati ya sikio na bega. Baba ndiye aliyepiga.

"Ng'ombe yako iko nakojoa damu," akasema.

"Tangu lini?"

"Papa yako mudogo anasema ni maman mukubwa. Anasema ametia sumu. Dimanche, kisha misa, tutakaa. Kama ni yeye, ataondoka hapa."

"Ataenda wapi?"

Baba akasema mayunite ya simu yanaisha, akakata.

Nieleze. Yule ng'ombe aliitwa wangu kwa sababu aliletwa kwa ajili yangu, kwenye mahari, siku familia ya mume wangu ilipopanda kutoka mjini na kuja kwetu, kilimani juu ya mji mdogo wa Miti. Ng'ombe wa mahari hakai na bibi arusi. Anabaki kwa baba, anakula kilima cha baba, na ndugu wote wana neno juu yake. Baba alikuwa ameniahidi ndama jike wa kwanza kwa ajili ya mtoto wangu, na kila mara mtu wa kwetu aliposhuka mjini aliniletea kibidoni cha mashanza, yale maziwa mazito yaliyoganda. Basi. Ikija habari ya kumuuza, ng'ombe ni wao. Ikija habari ya kuugua, ng'ombe ni wangu.

Na mama mkubwa ni mjane wa kaka mkubwa wa baba. Miaka yote ya sekondari nililala kwake, kwa kuwa nyumba yake iko chini karibu na barabara na ya baba iko mbali juu. Alinipikia, alinichapa, alinisubiri siku za mtihani. Alizaa wasichana tu na wote wameolewa, kwa hiyo shamba lake la migomba na maharage halina mwanaume wa kulikalia. Baba mdogo ana vijana wanaotafuta mahali pa kujenga. Sitazunguka: shamba lile alilitaka tangu zamani, na ng'ombe alimfungulia njia.

Kwetu sumu ndiyo jibu la kwanza. Mtu akikohoa muda mrefu, sumu. Akikonda, sumu. Akifaulu kazi halafu akafa, sumu mara mbili. Tunalo hata jina la ile inayoua polepole, karuho, na tunalitaja kwa sauti ya chini hata sisi tuliosoma. Na njia ya ng'ombe ilipita pembeni mwa maharage ya mama mkubwa. Kila mtu wa kilima alikuwa amemsikia akiwapigia kelele wachungaji: "Nitaikata mikia, moja moja!" Kwa watu wanaotafuta muuaji, hiyo ilitosha.

Jumamosi nikamfunga mtoto mgongoni, nikapanda pikipiki.

Kutoka barabarani kilima kilionekana kizuri. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha, na mteremko wote ambao wanaume walikuwa wameuchoma mwisho wa kiangazi ulikuwa kijani, kijani kabisa, mpaka dereva akageuza kichwa.

"Maman, kwenu kuko majani! Ng'ombe ya huku inakula vizuri."

Niliona kijani kile na mimi nikadanganyika sawasawa na yeye.

Mama mkubwa nilimkuta nyuma ya nyumba anachambua mboga za lenga-lenga. Hakuinuka.

"Umekuja kuzika ng'ombe ao kunizika miye?"

"Maman mukubwa, usiseme vile."

"Niseme aje? Tangu mercredi, ile siku ya damu, hakuna mutu anapita hapa. Hata ile mutoto ya jirani inaniombaka ndizi, mama yake ameikataza." Akatupa shina la mboga. "Mimi, kama ningekuwa najua kupika sumu, ningeanza na papa yako mudogo. Ng'ombe ilinifanya nini?"

Nikacheka, na nilipocheka nikaona anatupa majani na kuweka mashina. Nilikuwa sijamwona hivyo hata siku alipomzika mumewe. Alikuwa anajua vizuri mambo haya yanavyoenda. Hakuna anayekufukuza kwa mkono. Wanaacha tu kukusalimia, wanaacha kununua ndizi zako, usiku mmoja jiwe linaanguka juu ya mabati, na wewe mwenyewe unafunga vitu vyako na kusema unaenda kutembelea binti yako.

"Twende juu," nikamwambia. "Nataka kuona mahali anakula."

"Twende. Banasema ninajua njia ya ng'ombe kushinda bote. Unionyeshe vile nilifanya."

Nilikuwa sijapanda mpaka juu tangu nilipoolewa. Kichwani mwangu kilima kilikuwa bado kile cha utoto wangu. Majani yake yalikuwa marefu, laini, yenye vichwa vya rangi ya zambarau, na yalikuwa yamesongamana hata ukiangusha kisu hukisikii. Sisi wasichana ndio tuliokuwa tunayakata kwa sherehe. Mtoto akizaliwa, au mgeni mkubwa akija, tulitandika majani mapya nyumbani na nyumba yote ikanuka utamu. Mvua ilipiga juu yake na haikushuka. Ilipotea humo ndani, ikaja kutoka chini polepole kwenye chemchemi, safi.

Nilichokikuta juu siku ile ni kitu kingine. Karibu na njia, ardhi ilikuwa imekatika ngazi ngazi kwa kwato, na kila ngazi ilikuwa ngumu kama simenti ya uwanja wa shule. Nilipiga kisigino, hakikuingia. Mahali pengine udongo mweusi ulikuwa umekwisha kabisa na kilichobaki ni ule mwekundu wa chini, wenye vijiwe. Mfereji ambao zamani niliuruka kwa mguu mmoja ulikuwa bonde. Mtu mzima angeweza kusimama ndani asionekane. Majani yetu yale laini niliyaona, ndiyo: kichaka kimoja hapa, kingine kule, vimesimama juu ya vichuguu vyao vya udongo, mizizi iko nje, kama meno ya mzee yaliyobaki peke yake kwenye ufizi.

Na kati yao, kila mahali, kijani kile kilichomdanganya dereva. Kilikuwa kangaga. Shuleni tuliiita fougère. Ina majani yaliyokatwa katwa kama unyoya, na changa zake zinatoka ardhini zimejikunja kama ngumi ya mtoto mchanga. Moto ulipita, mvua ikaja, na kitu cha kwanza kuinuka kilikuwa hizo ngumi, maelfu, laini, zenye maji.

Ng'ombe walikuwa wanazikula.

Nilisimama pale nikaangalia. Wangu hakuwemo, alikuwa zizini, lakini wenzake walikuwa wanaenda kutoka ngumi moja hadi nyingine, na si kwa kupenda. Unajua ng'ombe anavyokula anapopenda, anazungusha ulimi na kuvuta. Hawa walikuwa wanachagua chagua kwa midomo ya mbele kama mtoto anayelishwa dawa. Lakini hakukuwa na kitu kingine.

"Zamani hazikugusaka hii," mama mkubwa akasema.

"Zamani zilikuwa na majani."

Nikachukua kijiti nikachimba. Nilikuwa sekisheni ya biochimie, ile ya biolojia na kemia, na katika yote niliyosahau, hilo sikulisahau: mwalimu alitueleza kwamba shina la kangaga liko chini ya ardhi. Nilichimba mpaka kiwiko nikalikuta, jeusi, nene kama kidole gumba, linalala kuelekea kila upande. Moto haukuwa umeligusa. Moto ulikuwa umeunguza jirani zake tu. Kila kiangazi tulikuwa tunamfyekea kangaga shamba lake, bure, tukipiga na makofi.

Kwamba kangaga inaweza kumtoa ng'ombe damu, hilo sikulijua. Nililishuku tu. Lakini nilikuwa na hasira ya kutosha, na hasira ilinisaidia kushuku vizuri.

Jumapili, baada ya misa, wakakaa kwa baba. Wanaume kwenye viti, chini ya kalenda ya parokia, wanawake kwenye mkeka. Mama mkubwa hakupewa kiti wala mkeka. Alisimama karibu na mlango, amefunga kikwembe chake cha kwenda kanisani.

Baba mdogo akaanza kwa utaratibu mzuri, nitamkubalia hilo. Akasema familia ni moja. Akasema hakuna anayemchukia mtu. Halafu akasema, "Lakini ile ng'ombe ilikuwa nzima. Inapita fasi moja tu kila siku, karibu na maharage ya huyu mwanamuke. Na yeye alisemaka mbele ya batu bote kama ataikata mikia."

"Nilisema mikia," mama mkubwa akajibu. "Mikia iko pale. Uihesabu."

Mtu mmoja akacheka, akajifanya anakohoa.

Nikainuka, mtoto kifuani. "Papa, mbele ya kusema mutu ametia sumu, mumeita veterineri, munganga wa ng'ombe?"

"Weye keti," baba mdogo akasema. "Weye ni mutu wa kwa bwana yako. Hapa uko mugeni."

"Mugeni mwenye ng'ombe."

"Ng'ombe ya familia!"

"Basi ikiwa ya familia, juu ya nini mulinitelefonia miye kama ng'ombe yangu iko nakojoa damu? Mungeitelefonia familia."

Nilisikia wanawake wakivuta pumzi. Sikuishia hapo. Nikawaambia nilichokiona juu. Nikawaambia ng'ombe wanakula kangaga kwa sababu hakuna kingine, na kangaga imejaa kwa sababu tunachoma, na kwamba kama wanataka kujua nani amelisha ng'ombe sumu, waangalie nani alikuwa na kiberiti.

Baba mdogo akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayemsikiliza mtoto akisoma. "Biochimie," akasema. "Alors nikuulize, mama biochimie. Babu yetu alichomaka kile kilima. Baba yetu alichomaka. Kila mwaka. Ng'ombe gani ilikojoa damu?"

Na hapo, lazima niseme ukweli, sikuwa na jibu. Lilikuwa swali zuri. Nikakaa chini, na chumba kizima kikaona nimekaa.

Jibu lilinijia baadaye, kidogo kidogo, kwa wiki nyingi, nikiwa nafua nguo au nalaza mtoto. Babu alichoma, ndiyo, lakini hakuchoma kilima hiki. Alichoma kilima kingine kilichokuwa na jina lilelile. Enzi zake ng'ombe walikuwa wachache, na kiangazi kilipokaza waliteremka kwenye bonde lenye maji, wakakaa huko mpaka mvua, na mteremko ukapumzika. Leo bonde lile ni viazi vitamu na kabichi, kila kipande kina mwenyewe. Tambarare nzuri zina seng'enge za wenye mashamba makubwa. Msitu wa juu umefungwa, ni hifadhi ya serikali. Na tangu vita vilipozidi, watu wa milima mingine wamekimbiza ng'ombe wao, wakawaleta kwa ndugu, na ndugu ni sisi. Ng'ombe wote hao, kwato zote hizo, juu ya mteremko mmoja, mwaka mzima. Majani yanaota kutoka chini, kwenye kishina kilichobana ardhi. Ukiyala mara moja yanarudi, ukiyala kabla hayajarudi yanakopa kwenye mizizi, na ukiendelea, mizizi inaisha. Halafu ndipo moto unakuja. Moto wa babu ulimpitia mtu mwenye afya. Wa kwetu unampitia mgonjwa.

Lakini siku ile sikujua kuyasema hayo. Baba ndiye aliyesema, kwa mara ya kwanza tangu tukae. Alisema, "Tungoje veterineri."

"Kaka—"

"Nimesema tungoje."

Veterineri alikuja siku iliyofuata kutoka Miti, kijana mwenye buti za plastiki na haraka nyingi. Alimshika ng'ombe ufizi, ulikuwa mweupe. Akaangalia mkojo. Akauliza anakula nini, na kabla hatujajibu akainua macho kwenye mteremko na kujijibu mwenyewe. Alisema damu itaendelea kutoka, leo kidogo, kesho nyingi, kwamba ugonjwa kama huu hauji kwa siku moja, ni kula kangaga miezi na miezi. Dawa hana. Tumchinje angali amesimama.

Halafu akauliza maziwa yake anayanywa nani.

Nikasema, mtoto wangu.

Akaangalia mtoto, akaangalia chini. "Muache kumupa," akasema. "Ile sumu inapitaka mu maziwa. Mutoto yako iko muzima, ninamuona. Mais muache."

Sijui kama mtu ambaye hajazaa anaweza kuelewa. Nilikuwa nimepika uji, nimeupoza, nimechanganya mashanza yale kwa kijiko, nimemlisha kwa mkono wangu, nikifurahi kwamba mwanangu wa mjini anapata kitu cha kwetu. Kilima chenyewe kilikuwa kimeingia tumboni mwake. Watu wanaposema habari ya ardhi kuharibika, wanaongea kama habari ya mahali pa mbali, kule, kwa wakulima. Mimi niliilisha kwa kijiko.

Wakamchinja. Baba mdogo mwenyewe alishika kisu, na alipofungua tumbo alitafuta, nilimwona akitafuta, sijui alitegemea kukuta kifurushi cha sumu. Veterineri akakata kibofu akakifungua kiganjani. Ndani kulikuwa na vinundu vyekundu, vimeshikana, vinavuja.

"Ile ni sumu," baba mdogo akasema.

"Ni sumu, ndiyo," veterineri akajibu, akavunja tawi la kangaga lililokuwa palepale pembeni mwa zizi, akamtupia miguuni. "Ni hii."

"Nani aliipanda?"

"Hakuna mutu aliipanda, papa. Ilikuta fasi iko wazi."

Mngedhani mambo yaliishia hapo. Veterineri alisema, kibofu kikaonekana, mama mkubwa akasafishwa, tukakumbatiana. Hapana. Hakuna hata mmoja aliyefungua kinywa kusema "tulikosea". Walichosema ni kwamba mambo yamesimama kwanza. Yamesimama! Kama gari lililokosa mafuta. Wanaume wakagawana nyama wakaenda, na mama mkubwa akabaki katikati, hajafukuzwa na hajaachiliwa. Wiki zilizofuata mtoto wa jirani bado alikuwa haji kuomba ndizi. Kwenye mazishi ya mtu mmoja wa kilima, alipeleka sufuria ya maharage kama wanawake wengine, na jioni akairudisha nyumbani imejaa.

Nilimwambia aje Kasha akae na mimi.

"Kasha nifanye nini? Niangalie ukuta?" Halafu akasema, "Nikienda, watasema: muliona? Alikimbia."

Alichokifanya ni kumwendea baba. Alimwomba kipande cha mteremko, kile kilicho juu ya shamba lake, kuanzia njia mpaka kwenye mfereji. Hakuomba kiwe chake. Aliomba kifungwe, kisipite ng'ombe wala moto, na yeye akilinde. Baba akamwuliza kwa faida gani.

"Kama ni miye niliharibisha kilima," akamwambia, "nipe fasi nikitengeneze."

Sijui maneno yale yalimfanya nini baba. Mimi ningepasuka. Yeye, asubuhi moja akateremka na panga lake, akaanza kukata miti ya boma. Hakuwaita ndugu zake. Nilipopanda wiki ile nikawakuta wawili, wazee wote wawili, wanafunga miba, na nikavua viatu nikaingia.

Nimejifunza huko mambo ambayo biochimie haikunifundisha. Kangaga huiui kwa kung'oa, huwezi, shina liko mbali chini. Unaipiga. Inapoinua ngumi zake unazivunja kwa fimbo, inainua nyingine kwa akiba yake ya chini, unavunja tena, mpaka akiba ipungue. Ni kazi ya kuchosha na ya kijinga na, nitakiri, ni kazi inayomfaa mtu mwenye hasira. Kila ngumi niliipa jina la mtu. Mama mkubwa alikuwa anapiga bila hasira, taratibu, kama anayepepeta mchele.

Mwanzoni kilichoota kati ya kangaga iliyovunjika ni magugu tu. Mvua za pili zilileta majani mafupi, yale magumu ambayo hata mbuzi anayafikiria kwanza. Yale ya utoto wangu, yenye vichwa vya zambarau, yalikuwepo vichaka vichache, na vilianza kunenepa. Pembeni ya kila kimoja ukatokea uzi uzi wa vitoto vyake. Tuliweka mawe na matawi kwenye mfereji ili maji yapunguze mbio, na nyuma ya mawe ukajikusanya udongo kidogo, na juu ya udongo ule kukaota kitu. Hayo nimeyaona kwa macho yangu.

Lakini nisiwadanganye kama kilima kilivyotudanganya. Kuna mahali katikati, pale palipo pekundu, hapajaota chochote. Tumefunga, tumengoja, tumetupia mbegu kwa mkono. Mbegu inapata umande, inatoa kijani kidogo, jua linapanda, inakauka. Hakuna kitu chini yake cha kushika. Udongo mweusi uliokuwa pale ulishuka na mvua za miaka mingi, sasa uko ziwani huko, na hakuna mkutano wa familia utakaourudisha. Na nje ya boma letu, kiangazi kilipofika, walichoma tena. Baba mdogo alikuwa wa kwanza.

Mwaka huo nikambatizisha mtoto. Wakashuka wote Kasha, baba, baba mdogo na mke wake, na mama mkubwa na bidoni ya kasiksi, pombe aliyoitengeneza kwa ndizi zake mwenyewe. Nilimwona anaingia nayo mlangoni, bidoni begani, na nikaona macho ya watu yakimfuata mpaka alipoitua.

Kwetu, anayeleta kinywaji anakionja kwanza. Anamimina, anakunywa kidogo mbele ya mgeni, ndipo anampa. Kila mtu anafanya hivyo, hata mama na mwanawe, na hakuna anayeudhika. Lakini siku ile kila mtu alikuwa anangoja aone, na hiyo haikuwa desturi tena.

Mama mkubwa akamimina kikombe cha kwanza, cha baba. Akakiinua kukipeleka kinywani kwake. Baba akanyoosha mkono, akakichukua kabla hakijafika, akanywa. Alikunywa mpaka mwisho, akafuta mdomo, akamrudishia kikombe. Nilimjua baba maisha yangu yote, na nikajua hilo ndilo neno lake lote, na kwamba hatasema jingine. Mama mkubwa alishika kikombe kitupu muda kidogo kabla ya kuinama kumimina tena.

Cha pili kilikuwa cha baba mdogo. Akamnyooshea. Hakupokea.

"Onja kwanza," akasema, na kutabasamu, kama mzaha. "Ni desturi."

Nikaweka sahani chini, nilikuwa na maneno yangu tayari. Mama mkubwa hata hakuniangalia. Alipeleka kikombe kinywani, akaonja. Halafu akaendelea kuonja. Akaonja bila haraka, kichwa kikienda nyuma, mpaka likabaki povu tu, akageuza kikombe chini juu ili baba mdogo aone vizuri.

"Haina sumu," akamwambia. "Na haina kasiksi pia. Nani anafuata?"

Wa kwanza kunyoosha mkono alikuwa mke wa baba mdogo.